Soketi Iliyohama
Fundi wetu wa kompyuta hapa maabara ya kupima dhahabu, Rwamgasa, hagusi kibodi kabla ya kufuta vidole kwa leso, na akisoma skrini midomo inamcheza. Leo amri ya kompyuta ya kutoa majibu ya vipimo iligoma. Ilikuwa inabisha hodi kwenye soketi ya zamani ya Docker, faili ambalo programu hiyo hupokelea amri kama mlangoni, kumbe jana Noela, mwenzangu wa zamu, aliihamishia folda nyingine. Wachimbaji walijaa mlangoni, bosi akataka jina la aliyeharibu. Jina la Noela lilikuwa palepale kwenye skrini, kando ya badiliko la jana. Fundi akaandika njia mpya kwenye mipangilio, herufi kwa herufi, majibu yakaanza kutoka. "Hakuna kilichoharibika, Baba Agapiti," alimwambia bosi, na kabla bosi hajainama kusoma, alishafuta maandishi yote kwenye skrini.