Gunia la Majivu Nyuma ya Zizi

Kosa ni langu. Si la upepo, si la jiko, na zaidi ya yote si la Anko Kioko. Nilichelewa wiki tatu kulisema, mimi ninayefika kanisani kabla ya mwenye funguo!

Fundi wa jua kali pale Machakos mjini alinitengenezea jiko la kuchomea nyama, nusu ya pipa na wavu juu. Kuchoma nilijifunza mwenyewe kwa video. Siku ya kulizindua, huku Katelembo kwa nyanya yangu tunayemwita Susu, nililiweka mbali na nyumba, ndoo ya maji kushoto, ndoo ya mchanga kulia. Kisha, jamani, nikalizungushia mstari wa chokaa ili mtu asikaribie.

"Hii ni nyama ama ni mtihani wa Form Four?" aliuliza Anko Kioko, kaka ya mamangu.

"Anko, na hiyo sigara, nyuma ya mstari."

"Sawa, mwalimu." Akarudi nyuma, na hakuuvuka siku nzima.

Nyama iliiva vizuri, nawaambia! Watu wakakaa kula. Mimi sikuweza kukaa. Jiko lilikuwa chafu, na jiko chafu huniwasha kama upupu. Niligusa majivu kwa ncha ya kidole. Juu yalikuwa baridi. Ndani sikuangalia.

Ningeyatia kwenye ndoo, lakini ndoo zote mbili zilikuwa na kazi ya usalama! Basi nikayazoa kwenye gunia, nikaliegemeza nyuma ya zizi, kwenye mabua makavu ya mahindi ambayo Susu alimwekea ng'ombe wake hadi mvua ije.

Hatukuwa tumemaliza soda. Moshi! Tulimwaga maji, tukamtoa ng'ombe, zizi likapona. Mabua yakaisha yote.

"Ni Kioko na hizo sigara zake!" anti yangu akapiga kelele.

"Mimi? Huko nyuma sijafika!"

Susu hakumsikiliza mwanawe. "Enda, Kioko. Usirudi hapa."

Nami nilikuwa nimesimama pale, koleo mkononi, aproni safi, kimya. Kimya! Mtu wa sheria zote. Anko aliondoka, nyama aliyofungiwa ikabaki mezani.

Wiki tatu nikakata nyasi bondeni na kuzibeba kichwani, ng'ombe akinitazama kama shahidi. Jumapili moja Susu akasema, "Kioko angekuwa hapa, angekubebea." Nikalia, nikasema yote. Susu akanisukumia simu yake.

"Mpigie. Si mimi. Wewe."

Nikampigia. Nikakiri. Akasema, "Siku nzima nilisimama nyuma ya mstari wako."

Sijawahi kuchapwa hivyo.

Leo tumechoma tena, naye amekuja. Hakunisalimia. Alichukua chokaa, akachora duara kunizunguka, akasema, "Simama hapo." Nilisimama mpaka nyama ikaisha. Hata mfupa sikuonja!

Nanyi mnaochoma nyumbani, msidanganywe na majivu yaliyopoa juu. Yaacheni ndani ya jiko lenyewe mpaka kesho yake, myahamishie kwenye chombo cha chuma, myamwagie maji, myakoroge, myamwagie tena, mbali na kitu chochote kikavu. Na kama ni wewe, sema ni wewe kabla mtu hajaondoka akaacha nyama yake mezani.