Koki Niliyosema Nimeipuliza

Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka, yenye kutu na mpira ulioungua ndani yake, hunirudisha Gisenyi, mji wetu wa kando ya ziwa, kwenye Ramadhani moja ya miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa magari katika mtaa wa Waislamu, lakini gereji hakuwa nayo; alikuwa na sanduku la spana na kivuli cha ukuta wa nyumba yetu, na mvua za kwetu hazibishi hodi. Ndiyo maana mwezi ule nyumba nzima ilikuwa inamwombea dua Mzungu mmoja mwenye shamba la pareto huko juu Busasamana. Mzungu huyo alikuwa na malori matatu na banda la bati, akitafuta fundi wa kudumu. Alimwambia Baba amtengenezee kwanza gari lake kuukuu la kutembelea. Likipona, kazi ni yake, na banda pia.

Ugonjwa wa gari lile ulituchekesha. Busasamana iko karibu na volkano na baridi yake huuma, kwa hiyo gari lilikuwa na shofaji, kisanduku kinachopuliza joto miguuni kwa kutumia maji moto ya injini. Sasa joto lile lilikuwa halizimiki. Bwana huyo akiteremka ziwani jua likiwaka, alishuka garini amelowa kama aliyetoka kuogelea. Baba aliwasha injini, akaifunga koki inayoruhusu maji hayo kupita, akasubiri, kisha akagusa mipira miwili ya kupitishia maji ya shofaji kwa mgongo wa mkono. Unaoingia ulikuwa wa moto, na unaotoka ulikuwa wa moto vile vile. Basi koki ilikuwa haizibi. Aliing'oa, akakwangua kutu, akaitilia kipande kipya cha mpira alichokikata mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kuipuliza ikiwa imefungwa, ili kujua kama hewa bado inapita. Lakini ndani mlikuwa na maji machafu, na Baba alikuwa na saumu. Mtu anayeogopa hata kumeza mate hatii kinywani chuma kilicholowa.

Akaniita mimi, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Shangazi, dada yake Baba aliyekuwa akikaa nasi, aliniahidi gauni la Idi nikifunga mwezi mzima, na kila jioni wakati wa futari alinisifu mbele ya majirani. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nakula viazi vitamu vya jana, nimejificha nyuma ya jiko. Siku ile Shangazi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, macho yake kwangu. Nikasita. Baba akadhani naihurumia saumu yangu, akaniambia kwa upole, "We uko mutoto, funga yako ni ya kujifunza tu. Weka kinywa, puliza." Nikampa Baba mgongo, nikaisogeza koki mdomoni bila kuigusa, nikajaza mashavu hewa. "Hewa haipite, Baba," nikasema. Nililinda saumu ambayo kiazi kilikwisha kuivunja tangu asubuhi. Baba hakuuliza mara ya pili. Akairudisha koki mahali pake, na Bwana, aliyekuwa na haraka, akaondoka injini ikiwa bado baridi, mipira haijapimwa tena.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Kanama tu, hata shambani haikufika. Kesho yake Bwana alirudi na mkewe, ambaye alikuwa ametapika njiani kwa joto. Hakupaza sauti. "Bon, ulisema imepona. Iko moto ile ile." Baba akagusa tena mipira miwili, akaniangalia. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Majirani walikuwa wamesimama wakisikiliza.

"Kosa ni yangu, Bwana," alisema. "Sikupima muzuri."

Banda alipewa fundi kutoka Goma. Mimi gauni nilipewa, la buluu lenye kola nyeupe, na siku nzima ya Idi niliona kweli kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Baba hakuwahi kuniuliza neno. Ila Ramadhani iliyofuata, alipoletewa lori lenye koki mbovu, alichukua birika la maji akayamimina humo polepole, akichungulia kama yanavuja. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, karibu kabisa. Hakuniita.

Siku hizi magari yanayopita kwenda Grande Barrière, kwenye kivuko cha mpakani, huwashwa joto na kuzimwa kwa kidole, na gereji zenye paa ni nyingi. Baba alifanya kazi chini ya ukuta ule ule mpaka alipofariki. Mimi nina sukari, na daktari amenikataza kufunga. Mwezi wa Ramadhani mimi hula mchana, barazani, watu wakipita. Wajukuu wangu wanaona haya, wananisihi niingie ndani. Siingii. Anayeniuliza namjibu, "Nimekula." Ni neno jepesi mno. Ningelisema siku ile, Shangazi angeninyima gauni, na Baba angepata paa.