Usukani wa Pembe za Kondoo

Mume wangu alikufa kwa homa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wa waliokuja kumzika walikuwa wamemwona kitandani, wengine walimletea uji kwa mikono yao, na bado waliondoka wakisema ameuawa na usukani wa baiskeli.

Alikuwa mrina asali wa Ipole. Asali na nta alizipeleka Tabora kwa baiskeli, siku za Waingereza, wakati lori likitaka lilipita na lisipotaka halikupita. Njia ile ina mchanga unaomeza gurudumu, ina mizizi, ina mbuga ndefu ambako kiangazi upepo unakupiga usoni tangu unaingia mpaka unatoka. Alilala Sikonge kwa ndugu wa kanisani, kesho yake akafika mjini. Mwanzoni baiskeli yake ilikuwa na usukani kama wa kila mtu, ule unaokukalisha wima. Ukipita hivyo unapendeza, kama mtu aliyeketi kitini. Lakini mikono inakaa mahali pamoja kutwa nzima, na kila mzizi wa njiani unaupokea kwa viganja.

Viganja hivyo nilivikanda mimi kwa mafuta ya karanga, kwa hiyo najua. Akirudi, vidole vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi. Kata ya maji ilimponyoka. Kwetu Wanyamwezi mkubwa huamkiwa kwa kupiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke. Yeye alipiga makofi yasiyo na sauti, na baba yake akamuuliza kama mjini siku hizi watu wanasalimiana kwa kunong'ona. Mume wangu alicheka. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mama, mrina asiyehisi vidole atapandaje mti?"

Hilo ndilo lililompeleka kwa fundi, si majivuno.

Fundi wa baiskeli alikuwa Mzaramo aliyehamia Cheyo, pale Tabora mjini, na Mzaramo ni mtani wetu. Utani huo ulizaliwa na misafara, babu zetu walipofika pwani na mizigo vichwani. Siku hiyo nilikuwapo, nimekuja mjini kwa lori na karanga zangu. Fundi alikuwa na usukani wa baiskeli ya mashindano iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ulikwenda mbele, ukajikunja chini, ukarudi nyuma kama pembe za kondoo dume.

"Mnyamwezi, unataka kusujudu njia nzima?" fundi alisema. "Basi nunua mkeka, baiskeli ya nini?"

"Wewe nifungie tu, Mzaramo. Kusali niachie mwenyewe."

Hakuuchukua papo hapo. Aliushika palepale dukani, akafumba macho, akahamisha mikono: juu, pembeni, chini, tena juu. Akasema ni mwembamba mno, kwenye mchanga gurudumu litamshinda nguvu. Wakautia motoni, wakazipanua ncha zikatazama nje. Breki zake za vyuma vya fimbo hazikuukubali, fundi akamtilia za waya. Mwisho mume wangu akaipanda baiskeli, akazunguka kiwanja, akarudi akaomba usukani uinuliwe kidogo, akazunguka tena. Fundi alichoka kumcheka.

Aliporudi kutoka safari ya kwanza alisimama mlangoni akanipigia makofi, makofi yenye sauti kamili, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Akanieleza. Kwenye mwinuko mikono inakaa juu. Kwenye mchanga inakaa pembeni, imetanuka. Mbugani inashuka chini na upepo unapita juu ya mgongo. "Inapokezana," alisema, "kama wapagazi."

Lakini katika nyumba ya wapagazi, kama ya kina mume wangu, kuinama ni aibu. Babu yao alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na wajukuu wote walilelewa na neno moja: anayeinama, mzigo umemshinda. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, hakumwacha apumue. "Babu alibeba pembe hakuinama," alimwambia mbele za watu. "Wewe pembe zimekubeba, na bado umeinama!" Watu wakasema pia kwamba anainama ili asiwaone watu akawaamkia. Uongo. Alishuka kumwamkia kila mzee njiani, hata pale kwenye mchanga ambapo ukishuka na mzigo huwezi kupanda tena.

Kisha ikaja homa, masika, akaondoka.

Siku ya kumaliza matanga mwinjilisti alisali, vitu vya marehemu vikagawanywa. Baiskeli ilikuwa ya shemeji, kwa desturi, na sikuwa na neno. Ila yeye alisimama akaishika, akasema, "Kifua kilichokunjwa kila siku kitapumua wapi? Usukani huu ndio uliomuua mdogo wangu. Ufunguliwe, utupwe chooni." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Walewale wa uji! Mjane hasemi katika kikao kile. Nilikaa na kichwa changu kilichonyolewa, nikauma ukingo wa kanga mpaka meno yakauma.

Fundi akainuka. Alikuwa amekuja kutoka Tabora kwa ajili ya msiba, na mtani msibani ana haki ya kumwigiza marehemu na kuteka kitu chake, wala hakasirikiwi. Akaipanda baiskeli, akainama pua karibu na gurudumu, ulimi nje, akazunguka ua akipiga kelele, "Nipisheni, Wanyamwezi, nta inayeyuka!" Watu walianguka kwa kicheko. Nami nilicheka huku nalia, maana alikuwa yeye hasa, hata ule ulimi. Kisha akatoa spana mfukoni, akaufungua usukani, akauweka mapajani mwangu.

"Nimeuteka, nampa mjane. Mnasema unaua? Vizuri. Atakayekuja kumrithi abishe hodi kwa mbali."

Utani wake haukuniuma hata kidogo. Yaliyoniuma ni yale waliyoyasema bila kutania.

Shemeji aliweka usukani wa wima akaanza mwenyewe kupeleka nta Tabora. Kiangazi kilipokolea alipita kwangu akitoka huko. Nilikuwa nabangua karanga. Alinyoosha mkono kupokea kata ya maji, ikamponyoka, maji yakamwagikia miguuni mwake.

"Mikono, shemeji," alisema. "Imekufa ganzi."

Sikumkanda. Lakini nilimwambia kweli: "Usukani wa ndugu yako uko pale ukutani. Uchukue. Fundi atakufungia."

Aliutazama. Aliutazama muda mrefu, nikadhani atainuka.

"Watu watasemaje?" akasema.

Watu! Watu hao ni nani, kama si yeye? Ndiye aliyeyaanzisha maneno hayo, na mpaka leo nasikia huyasimulia kwenye pombe, jinsi mdogo wake alivyouawa na pembe za kondoo. Niliokota kata, nikamtekea maji mengine, nikamshikia mwenyewe akanywa. Kisha akapanda baiskeli akaondoka, kifua mbele, mgongo umenyooka kama wa babu yao, huku akiutikisa mkono mmoja hewani, kisha mwingine, akivitafuta vidole vyake.