Chumba Nilichokodi Nikiwa na Mafua

Nilikodi chumba nikiwa na mafua. Watu wenye akili, kabla ya kuhamia nyumba, hutazama paa, hufungua mfereji waone kama maji yanatoka, huuliza choo kinatumiwa na watu wangapi. Mimi nilifanya hayo yote, tena kwa makini, huku nikipenga kamasi kwenye leso. Kiungo kimoja tu cha mwili wangu hakikushiriki katika ukaguzi, na ndicho kilichohitajika.

Chumba chenyewe kilikuwa mtaa wa Huruma, Nairobi, chini kabisa ya gorofa, katika ile miaka ya tisini ambapo mtu akipata chumba cha chini alijiona amebarikiwa kwa kuwa hapandi ngazi na mitungi ya maji. Keateka, yaani mwangalizi wa gorofa, mzee aliyevaa koti hata jua likiwaka, alisimama nje ya mlango akanionyesha ukuta kwa kidole, hakuingia. Nikaona ni adabu. Nilipomuuliza aliyehama alikuwa mtu wa aina gani, alisema, "Mama fulani wa biashara ndogo ndogo. Mtu wa watu." Akaongeza kwamba kapeti ya plastiki iliyotandikwa sakafuni ningeachiwa bure. Nikamshukuru sana.

Ni lazima niseme kwamba mimi si mtu wa kutoka. Nilikuwa nafanya kazi Industrial Area, kwenye bohari la sabuni, nikihesabu katoni zinazoingia na zinazotoka. Nikimaliza narudi nyumbani, naketi kwenye kiti changu cha mikono, nafungulia redio. Jumamosi ni hivyo hivyo. Jumapili nabadilisha shati, kisha ni hivyo hivyo. Kwa hiyo chumba kwangu hakikuwa mahali pa kulala tu. Kilikuwa ndio mji, ndio mtaa, ndio matembezi.

Mafua yaliisha Jumapili moja asubuhi nikiwa bado kitandani. Kwanza nilinusa vipande vya sabuni nilivyokuwa nimeleta kutoka kazini, nikafurahi. Halafu nyuma ya sabuni pakaja kitu kingine: unga uliochacha, sukari nguru, na kitu kama viazi vilivyosahauliwa ndani ya gunia. Nilinusa shati, nikanusa godoro, nikajinusa mwenyewe. Nikatoka nje.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mama mmoja Mswahili, mzaliwa wa Pwani, aliyekaanga mahamri kibarazani kwake kila siku. Nilimwamkia, nikamuuliza kama kuna harufu au ni pua yangu.

"Kumbe pua ilikuwa mgonjwa," alisema. "Sisi tukadhani waipenda."

Akanieleza bila kuacha kugeuza mahamri. Yule mtu wa watu alikuwa mama pima. Alipika chang'aa, ile pombe kali ya magendo, na kuiuza humo humo chumbani, miaka na miaka, hadi askari walipomjia na yeye akatorokea upande wa pili. Harufu ilikuwa yake. Niliyorithi mimi ilikuwa hiyo, na wateja.

Wateja walikuja jioni. Hawakugonga sana, walikwaruza mlango kwa kucha.

"Niaje, buda. Mathe yuko?"

"Mathe alihama."

"Sawa. Basi nipimie wewe."

"Siuzi."

Halafu sauti ya chini, ya mtu anayekutuliza: "Usijali, mimi si karao."

Nilijitahidi kuwaeleza kwamba sikuwafikiria kuwa askari, kwamba kweli sina kitu. Walinitazama kwa huruma, kama wanaotazama mfanyabiashara asiyejua kazi yake. Mmoja alinusa hewa iliyokuwa ikitoka nyuma yangu, akatikisa kichwa, akasema, "Una roho ngumu, buda," akaenda.

Kazini mambo hayakuwa mazuri pia, kwa sababu harufu ilikuwa imeingia kwenye koti. Wapakiaji, ambao wao wenyewe siku za Jumatatu hawakuwa manukato, walianza kunisalimia kwa heshima mpya. "Huyu mnyamavu ndiye hatari," walisema. "Sisi tunapiga kelele, yeye anapiga chupa." Sikuwa nimewahi kuonja kitu kikali kuliko soda ya tangawizi. Nilikanusha, lakini nilikanusha kwa upole, maana ilikuwa mara ya kwanza watu hao kunisemesha jambo lisilohusu katoni.

Ningeweza kuishi hivyo. Mtu huzoea. Lakini binamu yangu alitoka nyumbani, kule magharibi, akaniletea habari: Mama anakuja Nairobi kutazamwa macho, na atakaa kwangu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Baba alikuwa mtu wa pombe, nayo ndiyo iliyommaliza. Baada ya kumzika, Mama alisema mbele ya watu kwamba hatalala tena chini ya paa ambamo pombe imelala. Wengi walidhani ni uchungu wa matanga. Kakangu mkubwa alipoanza kunywa, Mama alikuwa amemtembelea. Alikunja kitenge chake, akarudi nyumbani kwa basi la asubuhi, na tangu hapo hakukanyaga kwake tena, hata alipozaliwa mtoto. Kakangu alimwomba msamaha kila Krismasi. Mama humjibu vizuri, humpa kuku wa kubeba, lakini haendi. Kati ya nyumba za wanawe, yangu ndiyo pekee iliyobaki ambayo angeweza kuingia. Akiingia kwangu akanusa kile nilichokuwa nanusa, ningebaki kupewa kuku tu kama kakangu. Ningepoteza mama aliyekuwa bado anakuja.

Kuhama sikukufikiria. Kuhama kunataka mtu anayejua kutoka nje.

Basi nikaanza vita. Kapeti ya plastiki ndiyo niliyoshuku kwanza, nikaitoa, nikaitupa. Chini yake sakafu ilikuwa ya saruji, na karibu na ukuta wa nyuma palikuwa na kiraka cha saruji ya rangi nyingine. Kilinikera macho, kwa hiyo nikaweka kiti changu cha mikono juu yake, nikaona chumba kimependeza. Kisha nikasugua. Nilisugua sakafu kwa sabuni ya bohari, ndoo baada ya ndoo. Nilisugua kwa maji ya moto na magadi. Nilikamua ndimu. Kuta nilizipaka chokaa upya. Niliweka makaa kwenye mabeseni kila pembe, kwa kuwa niliambiwa makaa hunywa harufu. Haya, kama yalikunywa, yalikunywa kama wateja wa mama pima, bila kuimaliza.

Jambo moja lilinipa moyo: sakafu ilikuwa ikikauka upesi ajabu. Namwaga ndoo nzima, nasugua, nageuka kuchukua kitambaa, maji hayapo. Niliisifu ile sabuni hata kazini.

Mama wa mahamri alinitazama nikipita na ndoo mpaka akachoka. Siku moja akaniletea chetezo chenye makaa na ubani.

"Lakini nakwambia mapema," alisema, "ubani hautoi harufu. Huipa mwenziwe."

Alisema kweli. Hadi jioni chumba changu kilinuka kama harusi iliyofanyiwa kilabuni. Na harufu ile ya kwanza, badala ya kupungua, ilikuwa kila wiki inaongezeka. Nilivyozidi kuosha ndivyo ilivyozidi. Nilianza kuamini kwamba ni mimi.

Mama aliwasili Jumamosi, saa za mchana. Nilimpokea kwenye basi, nikabeba mfuko wake wa unga na kuku aliyefungwa miguu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesugua kwa mara ya mwisho, kwa maji mengi kuliko siku zote. Madirisha yalikuwa wazi, mlango wazi, ubani unafuka. Alivuka kizingiti na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, akasimama. Pua yake ilisogea. Alikuwa na ukungu machoni, pua haikuwa na ukungu wowote.

"Mwanangu," alisema, "mbona unafukiza?"

"Ni mbu, Mama. Keti."

Mgeni huketishwa kwenye kiti bora, na nilikuwa nacho kimoja. Akaketi kwenye kiti changu cha mikono, taratibu, kama anayeketi kanisani. Nikageuka kuwasha stovu. Nikasikia mlio kama wa biskuti kubwa ikivunjwa. Nilipotazama, mguu mmoja wa nyuma wa kiti ulikuwa umezama sakafuni na Mama ameegemea nyuma akitazama dari, mikono yake imeshika mkoba. Na kutoka pale chini pakatoka harufu yenyewe, mama yake na baba yake, ikajaa chumba.

Nilimwinua, nikakivuta kiti. Kiraka kilikuwa saruji nyembamba juu ya gunia, gunia juu ya ubao, ubao juu ya mdomo wa pipa. Mama pima alikuwa amezika pipa zima la kangara, ule mchanganyiko unaochachushwa kabla ya kupikwa chang'aa, asije askari akaiona. Alipokimbia aliiacha ikiendelea na shughuli zake. Na maji yangu yote, sabuni, magadi, ndimu, yalikuwa yakipenya kwenye ufa wa kile kiraka na kuingia humo. Sikuwa naosha sakafu. Nilikuwa namjazia mama pima pipa, nalo sasa lilikuwa limefika juu, linatoa povu. La sabuni au la kangara, hata leo sijui.

Mama aliinama akatazama karibu kabisa, kwa macho yale yaliyomleta Nairobi.

"Hii ni kangara," alisema.

"Ndiyo, Mama. Lakini si yangu."

"Baba yako alificha yake zizini. Wewe umeweka yako chini ya kiti."

"Ilikuwa ya aliyehama. Mimi nilikuwa na mafua nilipokodi."

Nilijisikia nikisema hayo, na nikaona jinsi yanavyosikika. Mama aliyasikiliza yote hadi mwisho, habari za keateka, kapeti, sabuni. Kisha akasema bila hasira, "Kila mlevi niliyemjua aliniambia ni ya mtu mwingine." Akatwaa mkoba wake, akatoka kibarazani.

Nilibaki nimesimama kando ya shimo. Sikuwa na shahidi. Wateja wa jioni wangeniangamiza kabisa, na wenzangu kazini wangeapa mahakamani kwamba napiga chupa. Nikamfuata nje, nikamkuta amesimama mbele ya mama wa mahamri.

Nitangulize yaliyofuata, kwa sababu baadaye sitakuwa na nafasi. Pipa lile niliwalipa vijana wawili wakalichimba na kulitoa, keateka akisimama mbali na kushangaa kana kwamba ni kisima cha mafuta. Tulijaza udongo na mawe, tukamwaga saruji nzito, na katika wiki chache harufu iliisha bila ndimu wala ubani. Mama alikaa kwangu hadi macho yake yaliposhughulikiwa, na alirudi tena mwaka uliofuata, na mwingine. Lakini si maelezo yangu yaliyorudisha mkoba wake ndani siku ile. Alikuwa amemuuliza jirani yangu waziwazi, mwanamke kwa mwanamke: "Dada, wewe unakaa naye hapa. Niambie ukweli, huyu mtoto wangu hunywa?"

Mama wa mahamri alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akafuta mikono kwenye leso yake, akamgeukia Mama.

"Huyu? Dada, pombe yataka watu. Huyu mwanao tangu aje hapa hajapata hata mtu wa kugombana naye, atakunywa na nani?"