London Wanasema

Katika banda letu la kupimia majani ya chai, upande wa Merigi, karani huja na mizani ndani ya lori la kiwanda, na lori hilo halijawahi kufika kwa wakati. Tunachuna chai asubuhi, tunafikisha vikapu bandani kabla ya saa saba, halafu tunangoja. Muda huo wa kungoja ulikuwa wa baba yangu. Aliweka kikapu chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "London wanasema," na watu wakanyamaza.

Alikuwa akisikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka Uingereza tangu kabla sijazaliwa. Kila alfajiri redio ilikaa kwenye dirisha la jikoni, antena yake imeunganishwa na waya uliopanda hadi juu ya mkaratusi, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kukoroga uji kwa kishindo. Kiswahili chake alikipata hapo. Ndiyo maana chake kilivaa suti na tai, na chetu kilivaa gambuti za shambani.

Bandani kulikuwa na adabu yake. Hakuna mtu aliyeleta habari nyingine kabla mzee hajamaliza za London. Hata simu za mtandao zilipoingia kijijini, vijana walizitia mfukoni mpaka amalize, na kama kuna kitu walikuwa wameshakisoma, walitikisa kichwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukisikia.

Kisha ukaja mwaka ambao Waingereza walianza kupanga upya redio zao. Nilisoma kwenye simu kwamba lugha kadhaa zinaondolewa hewani na nyingine zinapunguziwa vipindi, kwa kuwa pesa hazitoshi na wasikilizaji wamehamia mtandaoni. Wasikilizaji gani, nilijiuliza, wakati mmoja ninayemjua alikuwa pale jikoni akipuliza moto. Asubuhi moja kipindi chake hakikuja. Aligeuza kitufe polepole, akapita kwenye mikwaruzo, akapita kwenye stesheni zetu za hapa na nyimbo zao, akarudi kwenye mikwaruzo.

"Wamefunga, baba," nikamwambia. "Imeandikwa hapa."

"Wako likizo," akasema.

Aliniagiza mawe mapya, betri za redio, nikanunua. Akabadilisha waya wa antena. Sikumkumbusha tena, kwa sababu namjua, na kwa sababu nilimhurumia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hivyo bandani huwa naenda Jumamosi tu. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo lori lilichelewa kama kawaida. Baba akaweka kikapu chini, akapangusa mikono, akasema, "London wanasema." Nikageuka kumwangalia. Alisema waziri mkuu wao yuko mashakani na huenda akajiuzulu. Karibu nicheke. Habari hiyo ilikuwa salama. Wale watu wanajiuzulu mara nyingi kiasi kwamba hata ukiitunga, ukingoja kidogo itatimia.

Lakini njiani kurudi nyumbani nilikasirika. Huyu ndiye mzee aliyenirudisha kwa jirani, nikiwa darasa la tano, niombe msamaha kwa kusambaza neno nililolisikia mtoni bila kujua ukweli wake. Nilivumilia Jumamosi mbili nyingine. Mafuriko sehemu fulani, mkutano wa marais mahali fulani. Hakuna aliyeumia, na mimi nikajifanya sina masikio. Kwangu hilo ni jambo gumu. Nikiona kosa ubaoni siwezi kulala.

Jumamosi ya nne alikuwepo mama mjane ambaye shamba lake linapakana na letu. Alikuja na mwanawe wa kwanza, anayefanya biashara Kericho mjini, akimbebea gunia. Sote tulijua habari yao. Vijana wa yule mama walitaka ing'olewe ile chai ya karibu na barabara, chai iliyopandwa na marehemu baba yao, wapande avokado. Watu wa kung'oa walikuwa wameshaambiwa waje Jumatatu.

Baba alipomaliza za dunia, yule mama akamuuliza, "Mzee, na chai? London wanasema nini juu ya chai?"

Baba akatazama viatu vyake.

"Wanasema huko India mvua imekataa," akasema. "Chai itakuwa chache duniani. Yetu itatafutwa sana. Mwenye chai aishike."

Yule mama akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Hatung'oi."

Yule kijana akakuna kichwa. Nilimwona akianza kukubali. Neno la mzee wetu halikuwa neno la kupinga mbele ya watu. Nami nikaona familia nzima inaamua maisha yake kwa habari iliyotungwa jikoni kwetu.

"Baba," nikasema, "hiyo si kweli. Hiyo redio ilifungwa mwezi uliopita. Wacha kudanganya watu."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Hakuna aliyeshangaa, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine na kila mmoja alikuwa ameangalia pembeni. Baba aliinua kikapu chake akasogea nacho mwisho wa benchi.

"Mwalimu," yule mama akaniambia kwa upole, "si sisi wote tulijua? Hata mimi nilijua. Nilikuwa nataka tu mtu mkubwa aniambie nisiing'oe, huyu mtoto akiwa hapa akisikia."

Mwanawe alishusha pumzi. "Basi mathe, ni Jumatatu vile tulipanga," akasema. Yule mama alianza kupanga upya majani kwenye gunia ambalo lilikuwa limejaa vizuri.

Niliona aibu kubwa. Nimejitetea mara nyingi tangu siku hiyo, na utetezi wangu ni mzuri: uongo ni uongo, na avokado huenda ikamfaa yule mama kuliko chai. Yote hayo nayaamini. Lakini ningepata kurudi kwenye benchi lile ningefunga mdomo.

Jumatatu shule ilikuwa imefungwa. Baba alichukua jembe na shoka, akavuka ua kwenda shamba la yule mama, nikamfuata. Mashina ya chai ya miaka mingi hayatoki kirahisi. Unachimba kuzunguka, unakata mizizi, kisha watu wawili wanavuta. Yule mama aliyakusanya kando kwa ajili ya kuni, moja moja. Hakuna aliyeuliza habari na hakuna aliyetoa. Tulipofika safu ya tatu shina moja likagoma, na baba akatazama huku na kule akitafuta mtu wa kumsaidia. Nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Maisha yangu yote baba aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mwalimu," akasema, "shika huo upande mwingine."