Verdiane na Musambi wa Kinamasi

Hapa Kingi, ukiwa na arusi ao ubatizo, unamwita Verdiane. Anafika na apareyi yake ya kupigia foto shingoni, anawapanga watu, anapiga. Kisha anainama juu ya simu kuzisafisha zile foto: anafuta ndoo iliyosahaulika mlangoni, anafuta mbuzi aliyepita nyuma ya bibi arusi, anang'arisha nyuso mpaka wenyewe wanajishangaa.

Asubuhi ambazo hakuna sherehe, anapiga foto za ndege. Hakufundishwa na mtu. Alijizoeza tu kulala kifudifudi kwenye umande na kuzuia kikohozi.

Mwaka huu musambi, yule korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, alitaga ndani ya kinamasi cha Papa Rugamba, mfugaji. Na Rugamba alikuwa ameshaita vijana wachimbe mfereji, maji yatoke, apate malisho zaidi. Verdiane akamwomba angoje. Mzee akacheka.

"Musambi haitagaka kwangu tena, binti yangu. Niletee foto. Nikiiona, nitangoja."

Kumpeleka mzee pale, Verdiane hakuthubutu, maana musambi akisumbuliwa anaweza kuyaacha mayai. Basi akajificha mbali, akampiga foto akiwa analalia mayai. Foto ikatoka na giza na ukungu. Akaishughulikia kama alivyozoea: akaongeza mwanga, akakoleza ule wekundu wa kooni, akafuta uzio uliolegea, akafuta mavi, akafuta na ng'ombe aliyesimama nyuma. Majani akayatia kijani. Kweli ikapendeza.

Akampelekea Rugamba kwenye simu; mzee akaisogeza mbali na macho.

"Ndege iko muzuri. Lakini hapa ni wapi? Ulaya?"

"Ni kwako tu, Papa."

"Kwangu? Mavi iko wapi? Usinidanganye, Verdiane. Kesho vijana watachimba."

Verdiane akaona mayai yanapotea hivi hivi. Akawasha apareyi haraka, akatafuta ile foto ya kwanza, pamoja na giza lake lote, akampa.

Mzee hata ndege hakumtazama. Alimtazama ng'ombe aliyesimama nyuma ya ndege.

"Eh! Bihogo yangu! Hii pembe yenye ilivunjika, njo yake." Akainua macho. "Sasa ulimufukuza mu foto juu ya nini?"

"Niliona anachafua foto, Papa. Bamaarusi banapendaka foto safi."

"Bihogo anachafua!" Akamwita mke wake aliyekuwa jikoni. "Mama, kuja usikie! Ngombe yetu, ile ya maziwa mingi, eti iko uchafu!"

Kicheko cha mama kikasikika kutoka jikoni. Lakini Rugamba alikuwa ameshairudia foto. Aliweka kidole kati ya ng'ombe na kiota, akakiondoa, akakiweka tena.

"Iko karibu sana. Hii ngombe itakanyaga mayai."

Akachukua simu yake, akampigia mchungaji wake.

"Ndayambaje, toa ngombe mu kinamasi. Sasa hivi, si kesho. Upandishe zote kule juu. Na wale vijana ba mufereji, ubaambie bangoje mpaka vitoto vya musambi vitoke mu mayai."