Mita Tatu na Sentimita Ishirini

Kila mwaka, siku ya kwanza ya muhula, Mama Mito aliandika ubaoni maneno yaleyale: "Maji hayadanganyi. Anayedanganya ni aliyeshika kalamu." Wanafunzi wa uhandisi wa maji waliyanakili huku wakicheka chinichini. Hata jina hilo la Mama Mito walimpa wao, naye alijifanya halijui.

Alikuwa mhadhiri kwa miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa fundi bomba, na utotoni alimbebea spana na kumchosha kwa maswali: maji haya yametoka wapi, na kabla ya hapo yalikuwa wapi, na kabla ya hapo je? Fundi bomba alijibu mawili ya kwanza, la tatu akasema, "Nenda shule." Akaenda, na hakurudi tena. Ofisini kwake, chini ya meza, palikuwa na jozi mbili za buti zenye tope na hapakuwa na kiatu kimoja kizuri. Mume wake, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alipenda kuwaambia wageni, "Wenzangu wakioa hupata mashemeji. Mimi nilipata mto."

Mto wenyewe ulikuwa ule uliopita chini ya mji. Mama Mito aliuandikia tasnifu yake ya uzamivu. Alichukua madaftari ya miaka kumi na sita ya msoma kipimo, mama mmoja aliyekwenda darajani asubuhi na jioni kuangalia maji yamefika namba gani kwenye ubao uliopigiliwa nguzoni. Kutokana na namba hizo akakokotoa kimo cha furiko kubwa, lile ambalo huenda likaja mara moja katika miaka mia. Kazi hiyo ilimpa sifa. Wahandisi waliitumia bila kuuliza mara mbili.

Basi hospitali ilipotaka kujenga wodi mpya ya wazazi, na kiwanja pekee kilichobaki kikawa kando ya mto, wajenzi walikwenda kwake. Aliwapa kimo cha furiko, akaongeza sentimita thelathini za akiba, akasema, "Sakafu iwe hapo, mlale usingizi." Hakufanya hivyo kwa ajili ya wajenzi. Muuguzi mkuu wa wazazi alikuwa dada yake mkubwa, tumbo moja, na dada huyo alikuwa ameiomba wodi hiyo kwa miaka kumi na moja huku akizalisha mahali ambapo akina mama wawili waligawana kitanda kimoja. Wodi ilikuwa ifunguliwe Jumatatu.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, Mama Mito aliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tatu mtoni kwa mazoezi, kama ilivyokuwa kila mwaka. Kazi ilikuwa nyepesi. Juu ya daraja kuna kichwa cha msumari wa shaba kilichozikwa kwenye zege, na kimo chake kinajulikana. Chini, kwenye nguzo, kuna ubao wa kipimo. Wanafunzi wapime sifuri ya ubao iko chini ya msumari kwa kiasi gani, maana asiyejua sifuri ilipo hajui maji yalipo. Jibu lilikuwa kwenye kitabu alichoachiwa na mwalimu wake: mita tatu na sentimita ishirini.

Makundi manne yalileta tatu na ishirini. Kundi la tano lilileta mbili na sabini na tisa.

"Nyinyi mmepima mto gani?" Mama Mito aliwauliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Aliyeshika daftari la kundi hilo alikuwa msichana mmoja aliyehamia mwaka huo kutoka chuo kingine. Wenzake walimwita Mgeni. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tumepima mara tatu."

"Pimeni ya nne."

Wakapima. Mbili na sabini na tisa.

"Basi chombo chenu kimelewa. Azimeni cha wenzenu."

Wakaazima. Mbili na sabini na tisa.

Mama Mito akavua miwani, akainama kwenye chombo, kidarubini cha miguu mitatu cha kupimia vimo, akamwagiza kijana mmoja asimamishe fimbo ya namba juu ya msumari, kisha kwenye ubao. Alisoma, akatoa, akatoa tena. Kwanza aliona aibu, akidhani macho yameanza kumzeekea. Mara ya tatu aliona baridi, na jua lilikuwa la saa nane.

Akawageukia wale wa makundi manne. "Nyinyi tatu na ishirini mmeipataje?"

Kiongozi wa darasa, ambaye siku nyingine hakuishiwa maneno, alikuwa akivitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe, msemaji wa taifa. Mmeipataje?"

"Mwalimu, sisi... tunaijua tu."

"Mnaijuaje?"

"Tuliambiwa na waliotutangulia. Kwamba mtoni utapata mbili na sabini na tisa, lakini usiiandike. Mama Mi... samahani, Mwalimu anataka tatu na ishirini."

"Na wao waliambiwa na nani?"

"Na waliowatangulia wao."

Mama Mito akaegemea ukingo wa daraja. Chini, mto ulikuwa mdogo na mtulivu.

"Mimi sikuambiwa, nikaandika nilichokiona," Mgeni alisema, kana kwamba anaomba msamaha.

Msoma kipimo alikuwa amekwisha kufika na daftari lake kwapani, akingoja wamalize. Mama Mito akamuuliza kama ubao ule umewahi kuguswa.

"Huu? Huu si wa kwanza, Mwalimu. Wa kwanza ulikwenda na maji mwaka niliomzaa kifungua mimba wangu, na sasa ana miaka ishirini na saba na watoto wawili. Akaja fundi akapigilia huu."

"Alipima kabla ya kuupigilia?"

"Alipima." Mama yule akafumba jicho moja, akanyoosha kidole gumba mbele ya uso. "Hivi. Akasema, hapa panatosha."

Miaka ishirini na saba. Madaftari yote kumi na sita ya tasnifu yalisomwa kwenye ubao huo uliopigiliwa kwa jicho, lakini kimo cha sifuri alikitoa kwenye kitabu cha mwalimu wake, kilichoandikwa wakati wa ule uliosombwa. Sifuri ilikuwa imepanda sentimita arobaini na moja na hakuna aliyeiandika. Namba za ubao zilipatana zenyewe kwa zenyewe, kila mwaka na mwenzake, ndiyo maana hazikumshtua mtu. Lakini maji yote aliyodhani yako hapa, yalikuwa juu zaidi kwa sentimita arobaini na moja.

Alirudi ofisini na buti zake zenye tope, akafungua kabati la ripoti za wanafunzi. Alipekua mwaka baada ya mwaka: tatu na ishirini, tatu na ishirini, tatu na ishirini, utadhani wimbo wa chekechea. Kwenye rafu ya chini kabisa, katika ripoti za mwaka wake wa pili wa kufundisha, akakuta mbili na sabini na tisa. Juu ya namba hiyo palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni mwandiko ambao hakuweza kuukana: "Haiwezekani. Tazama kitabu." Alama, nne kwa kumi.

Baada ya mwaka huo, hapakuwa na mbili na sabini na tisa nyingine.

Alikaa sakafuni. Alitaka kumkasirikia yule fundi wa kidole gumba, hasira ikakataa kwenda huko. Fundi alikosea siku moja, yeye alikosea kila mwaka na kuwasahihishia walioona. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini yeye alikuwa amewaambukiza na wengine.

Kisha akafanya hesabu iliyobaki, ambayo hata mwanafunzi wa mume wake angeiweza. Arobaini na moja, toa akiba ya thelathini. Kumi na moja. Furiko kubwa likija, maji yatasimama sentimita kumi na moja juu ya sakafu ya wodi ya dada yake.

Alimpigia simu mkuu wa idara. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akapumua.

"Daktari, unajua kamati ya uprofesa wako inakaa Jumatano?"

"Najua."

"Mto umekaa kimya miaka ishirini na saba. Hauwezi kusubiri Jumatano?"

"Wazazi wanahamia Jumatatu, Profesa."

"Masika bado miezi miwili," alisema mkuu wa idara, lakini kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hajajibu.

Ijumaa asubuhi alikwenda hospitalini, kidarubini cha miguu mitatu begani. Wodi mpya ilinuka rangi. Vitanda kumi na viwili vilikuwa bado na nailoni zake, na dada yake alikuwa katikati yake akikunja shuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Vua hayo mabuti! Sakafu hii nimeililia miaka kumi na moja, halafu uje uitie tope?" Akacheka, akaona kile chombo. "Umekuja kupima nini? Furaha yangu?"

Mama Mito akamweleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi kwa fundi, akaruka kwa wanafunzi. Dada yake aliendelea kutabasamu kwa muda, akisubiri sehemu ya kuchekesha.

"Sentimita kumi na moja," alisema mwishowe. "Hata ndoo haielei hapo. Ndiyo unitoe roho hivyo?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Alisimamisha chombo, akamwomba dada yake ashike penseli ukutani, akamwelekeza: chini, chini kidogo, hapo. Wakaweka alama kwenye kila ukuta, kisha Mama Mito akaziunganisha kwa mstari mmoja kuzunguka chumba kizima, akitambaa kwa magoti. Mstari ulipita nyuma ya vitanda, ukakata mlango, ukafika kwenye kona ya watoto wachanga. Pale ulipita katikati ya soketi za umeme, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kama uzi kwenye shanga.

Dada yake alichuchumaa akaitazama ya kwanza.

"Hizi ni za mashine za kuwapasha joto watoto," alisema polepole. "Waliozaliwa kabla ya wakati."

"Naona."

"Zinaweza kupandishwa?"

"Soketi zinaweza. Sakafu haiwezi."

Muuguzi mkuu alizihesabu soketi kwa kidole, moja moja. Mdogo wake aliwahi kumwona akipokea mtoto aliyetanguliza miguu huku anaimba, lakini sasa alihesabu mara mbili.

"Na hao wanafunzi wako walikuwa wanaijua hiyo namba?"

"Walikuwa wanaijua."

"Miaka yote?"

"Mimi ndiye niliyewafundisha kuificha. Sikujua."

"Hukujua!" Akasimama ghafla. "Sisi huku tukikosea, mdogo wangu, hakuna wa kuandika 'rudia'!"

Dada yake alikwenda kwenye mashine ya kwanza, ambayo ilikuwa imewashwa kwa majaribio, akachomoa waya wake ukutani, akauzungusha mkononi taratibu. Kisha akatoa simu mfukoni mwa gauni, akampigia daktari mkuu.

"Jumatatu hatufungui... Hapana, si rangi, rangi imekauka. Ni maji... Ndiyo, najua wageni wamealikwa. Waambie wasije. Mhandisi yuko hapa, atakueleza mwenyewe kwa mdomo wake."

Akampa mdogo wake simu. Mama Mito akaeleza tena, safari hii kwa mpangilio, akianza na kosa lake. Aliposema namba ya mwisho, daktari mkuu akamwomba airudie ili aiandike.

Aliporudisha simu, dada yake alikuwa amekwisha kung'oa nailoni kwenye kitanda cha kwanza. Wodi ya zamani ilikuwa ghorofani, upande wa pili wa ua, na wakati ule ilikuwa na akina mama kumi na tisa kwenye vitanda kumi.

"Vingapi vitaenea kule?" Mama Mito aliuliza.

"Vitatu, tukitoa kabati. Shika huko kwenye miguu," dada yake alisema bila kumtazama. "Na usiniongeleshe mpaka tufike juu."